Breki za Dhahabu na Mteremko wa Mai Mahiu

Katika vibanda vya spea vya Grogan na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, injini hulazwa chini kwenye mafuta, gia boksi hufunikwa turubai, lakini kalipa za breki za Brembo huanikwa mbele, usawa wa macho. Zimepakwa rangi ya dhahabu na jina la kampuni linasomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Muuzaji hana haja ya kuzinadi. Kijana mwenye Subaru akipita Jumamosi atasimama mwenyewe.

Nyingi ya kalipa hizo zilitoka kwenye Subaru Impreza za STI zilizotembea Japani mpaka zikachoka au zikagongwa, kisha zikakatwa vipande na kupakiwa kwenye kontena. Huku kwetu zinapata maisha ya pili kwenye Forester ya baba wa watoto watatu, au Impreza ya kijana aliyetoka chuo juzi. Na kazi ya kuzifunga, kwa wengi wao, hufanyika nyumbani: kwenye ploti, chini ya mwembe, au kwenye maegesho ya fleti huku bawabu akinung'unika kuhusu mafuta yanayodondokea saruji.

Mapenzi haya yana historia. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza ya buluu, na Richard Burns akarudia mwaka 2000 kwa gari la ukoo huohuo. Watoto waliokuwa kando ya barabara wakila vumbi lile leo wana mishahara na leseni. Mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari yaliyojaa maegeshoni mwa watazamaji yalikuwa Subaru, na rimu nyingi zilikuwa na kitu cha dhahabu nyuma yake.

Kuzifunga nyumbani kunawezekana. Mtu mtulivu mwenye vifaa vinavyofaa na siku nzima isiyo na safari anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko gereji yenye haraka. Ninachobishia ni sababu. Muulize mwenye gari kwa nini anataka breki kubwa, atakujibu kwamba anataka gari lisimame mahali pafupi. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Gari husimamishwa na tairi. Breki hukamata gurudumu, lakini kinachoshikana na lami ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja cha mkono kwa kila gurudumu. Ikiwa breki ulizonazo, ukizikanyaga kwa nguvu zote, zinaweza kufunga gurudumu au kuamsha ABS mpaka pedali itetemeke mguuni, basi tayari zina nguvu kuliko tairi. Ukiongeza ukubwa wa kalipa, tairi halitajua. Ndiyo maana mtu mwenye Brembo na tairi kuukuu atapitwa na jirani yake mwenye breki za kiwandani na tairi jipya, hasa mvua ya kwanza ya Machi ikichanganyika na mafuta yaliyo kwenye lami. Ukitaka kujua umri wa tairi lako, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni: 2318 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Watu wengi hawajawahi kuinama kusoma.

Kazi halisi ya breki kubwa ni joto. Gari la kilo 1,500, pamoja na waliomo, likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 580. Ukilisimamisha, nishati hiyo yote haina pa kwenda isipokuwa kugeuka joto, na sehemu kubwa huingia kwenye diski za mbele kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele linaposimama. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Mara moja tu si kitu. Chuma cha diski hulipokea, upepo hulichukua, na ukifika taa zinazofuata breki zimeshapoa.

Sasa fikiria umetoka Nairobi na unaanza kuteremka ule ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, barabara iliyochongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940. Mbele yako kuna lori, nyuma yako kuna matatu, na mguu wako uko kwenye breki. Kila mita 400 ambazo gari hilohilo linashuka kwa wima bila kuongeza kasi zinazalisha takriban joto la kusimama mara kumi kutoka kilomita 100 kwa saa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mapumziko ya kupoa. Madereva wa Tanzania wanaoshuka Kitonga, kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni, wanaijua hesabu hii bila kalamu.

Mambo mawili hutokea breki zikizidiwa, na yanafaa kutofautishwa kwa sababu tiba zake ni tofauti. La kwanza ni pedi kupita kiwango chake cha joto: pedali inabaki ngumu, unakanyaga, lakini gari halishiki, na unasikia harufu ya kuungua. La pili ni mafuta ya breki kuchemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo pedali huzama mpaka chini bila kukupa chochote. La kwanza linakutisha. La pili linaua.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia mipira, na yakishanyonya huchemka mapema. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakiwa na maji asilimia 3.7 kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Sasa jiulize gari lako la Mombasa, ambako nguo haikauki vizuri usiku, limebadilishwa lini mafuta ya breki. Wengi hujaza tu kikombe kikipungua. Na wapo waliowahi kumimina maji ya sabuni baada ya mpira kupasuka njiani. Pedali itapanda, ndiyo, na itaendelea kupanda mpaka maji yafike nyuzi 100.

Kwa hiyo kabla ya mtu kununua kalipa za dhahabu, mimi ningemshauri aanze na pedi bora zenye jina linalojulikana, mafuta mapya ya DOT 4 kwenye mfumo mzima, na tairi. Kisha ajifunze kushuka mlima kwa gia aliyoupandia. Kwa gari lisilo na turbo linaloishi mjini, hadithi inaishia hapo na chenji inabaki. Anayebaki na haja ya kweli ni yule mwenye gari zito au lenye nguvu, anayeshuka milima akiwa na abiria na mizigo, au anayependa siku za mbio za uwanjani. Huyo ndiye ninayemwandikia sehemu iliyobaki, ingawa najua watakaosoma ni wengi zaidi yake.

Diski kubwa husaidia kwa njia mbili. Chuma chake ni kingi, kwa hiyo hupanda joto polepole, na upana wake wenye njia za hewa katikati hukipoza haraka. Pia pedi hushika mbali zaidi na kitovu, kwa hiyo nguvu ileile ya mguu hupata wenzo mrefu. Impreza na Forester nyingi za kawaida za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka na diski za mbele za kipenyo cha milimita 277 hivi, zenye unene wa 24. Kalipa za pistoni nne za Impreza WRX hutumia diski ya milimita 294. Za Brembo za STI hutumia ya 326, yenye unene wa 30. Kutoka 277 hadi 294 ni ongezeko la asilimia sita tu ya kipenyo, lakini uzuri wake ni kwamba kalipa hizo za WRX hufungwa moja kwa moja kwenye nako (knuckle) ya mbele ya magari mengi ya Subaru ya kizazi hicho, na zinaenea ndani ya rimu nyingi za inchi 16. Za Brembo zinataka rimu ya inchi 17 kwenda juu, na si kila ya 17 itakubali, kwa sababu kalipa ni nene kwa upande na inaweza kugusa spoku. Kama ni gari langu, ningechukua zile za WRX. Hazina jina la kujivunia, zinauzwa kwa bei ya kibinadamu, na kwa mteremko wa Mai Mahiu zinatosha.

Kuhusu idadi ya pistoni, usidanganyike. Kalipa ya kawaida inayoteleza kwenye pini ina pistoni upande mmoja tu, lakini nguvu yake hubana pedi zote mbili. Kalipa isiyoteleza ina pistoni pande zote zikitazamana. Ukitaka kulinganisha nguvu, hesabu eneo la pistoni za upande mmoja. Mara nyingi utakuta "nne" hazizidi "mbili" kwa chochote, faida ya kalipa isiyoteleza ikiwa ni kwamba haina pini za kukwama na pedi huliwa sawasawa. Na eneo la pistoni likiongezeka sana, masta silinda ya zamani italazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, na pedali itashuka chini zaidi kabla ya kushika. Kuna wanaobadilisha na masta. Kuna pia wanaofunga breki kubwa mbele na kuacha nyuma vilevile, wakaishia na gari linalofunga magurudumu ya mbele mapema huku ya nyuma yakiwa hayana kazi. Umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Ongezeko dogo mbele gari hulivumilia. Kubwa linataka mizani ya nyuma pia. Na nyuma kwenye Subaru kuna mtego: breki ya mkono hukaa ndani ya kitovu cha diski kwa mtindo wa dramu, na kuna za kipenyo cha milimita 170 na za 190. Diski ya moja haivai kwenye nyingine.

Tumrudie muuzaji wa spea. Unaponunua kalipa zilizotumika, rangi ndiyo kitu cha mwisho kutazama, maana rangi ya kopo hugharimu kidogo na huficha mengi. Shika kalipa, tazama mipira ya kuzuia vumbi inayozunguka pistoni. Ikiwa imepasuka, vumbi na maji vimeshaingia, na pistoni ina kutu au mikwaruzo. Jaribu kufungua skrubu ya kutolea hewa pale pale dukani. Ikikatika mkononi mwa muuzaji ni shida yake. Ikikatika nyumbani ni yako. Kalipa ambayo dhahabu yake ya awali imekuwa kahawia imepata joto kali na mipira yake ya ndani huenda imekauka. Halafu hakikisha umepewa ya kushoto na ya kulia. Hili linaonekana jambo la kitoto mpaka umeona mtu amepewa mbili za upande mmoja. Kalipa ikifungwa upande usio wake, skrubu ya kutolea hewa inakuwa chini, na kwa kuwa hewa hupanda juu, haitatoka hata ukanyage pedali hadi jioni. Uliza pia tundu za diski: STI za zamani zina bolti tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia modeli ya 2005 duara likawa la 114.3. Diski ya 326 ipo ya aina zote mbili, na mwenye duka hana sababu ya kukukumbusha.

Kabla ya chochote, kalipa hizo zifunguliwe na kuwekwa sili mpya. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Ndani ya kila shimo la pistoni kuna pete ya mpira wenye kingo za mraba. Pete hiyo huzuia mafuta yasitoke, na pia ndiyo inayorudisha pistoni nyuma kidogo unapoachilia pedali: mpira hujipinda pistoni inapotoka na kujinyoosha shinikizo linapoisha. Ikikauka, pistoni hairudi, pedi inabaki ikisugua diski, na breki zako kubwa zinazalisha joto hata ukiwa kwenye barabara tambarare. Pistoni hutolewa kwa upepo wa kompresa, kidogo kidogo, kipande cha mbao kikiwa kati yake na vidole vikiwa mbali, kwa sababu hutoka kwa kishindo kinachovunja mfupa. Shimo lisafishwe, pistoni zenye mashimo ya kutu zitupwe, pete mpya zilowekwe kwenye mafuta ya breki safi na kuingizwa kwa mkono.

Na hapa nina ugomvi na desturi ya gereji zetu: kuosha kila kitu kwa petroli au dizeli. Mipira ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Ikigusana na petroli, dizeli, oili ya injini au grisi ya kawaida, huvimba na kulainika. Gari litaondoka gerejini likishika vizuri, na wiki chache baadaye kalipa itakwama. Osha kwa mafuta ya breki mapya au spirti safi, na mahali panapohitaji grisi, kama pini na mgongo wa pedi, tumia ile ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Vumbi la breki kuukuu nalo lisipulizwe kwa kompresa. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi zisizojulikana zilikotoka, zinaweza kuwa na asbesto. Loweka kwanza kisha futa.

Siku ya kazi yenyewe, tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, weka mawe au vizuizi nyuma ya tairi za upande mwingine, inua, kisha weka stendi imara chini ya bodi mahali palipotengwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Tofali la simiti halikutengenezwa kubeba gari na hupasuka bila kutoa taarifa. Kila mtaa una mtu anayejua mtu aliyeumizwa hivyo.

Jambo la busara kuliko yote ni kujaribu kila kitu kabla ya kufungua mfumo wa mafuta. Bolti mbili kubwa hushikilia kalipa kwenye nako. Spana ya 17 na bomba refu la kuongezea nguvu huzitoa, baada ya kuzilowesha usiku kucha kwa dawa ya kutu. Kalipa ya zamani ifungwe kwa waya kwenye springi ya shoki, mpira wake ukiwa bado umeunganishwa. Isining'inie kwa mpira wenyewe, kwa sababu tabaka za ndani huchanika pasipoonekana kwa nje. Toa diski, kisha kwangua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Chembe ya kutu hapo huifanya diski ikae upande, na baada ya kilomita elfu chache usukani unatetemeka unapofunga breki. Watu wengi husema diski imepinda. Mara nyingi ni habu chafu, au mabaki ya pedi yaliyoganda kwenye diski kwa madoa.

Weka diski mpya, iliyooshwa mafuta ya kiwandani yaliyopakwa kuzuia kutu. Kwa Brembo, lile bati la nyuma ya diski la kuzuia vumbi litazuia. Hukatwa au kuondolewa. Ikiwa njia za hewa za ndani ya diski zimejipinda, zitazame: zinapaswa kuelekea nyuma kadiri diski inavyozunguka gari likienda mbele, ili zivute hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Mifereji inayoonekana usoni haikuambii upande. Na nikiwa hapo hapo niseme kwamba diski zenye matundu mengi ni nzuri kwa macho lakini huanza nyufa kwenye matundu zikipata joto la mara kwa mara, jambo ambalo ndilo tunalotaka kulikabili. Ya uso mtupu au yenye mifereji inatosha.

Bana kalipa mpya kwa bolti zake, vaa gurudumu kwa nati mbili, zungusha kwa mkono na usikilize. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote. Ikiwa rimu inagusa, umejua mapema ukiwa bado na gari linaloweza kurudishiwa breki zake na kwenda kanisani kesho. Ikiwa haigusi, endelea.

Sasa ndipo mafuta yafunguliwe. Bolti yenye tundu inayounganisha mpira na kalipa ina washa mbili za shaba, moja kila upande, na zote ziwe mpya. Shaba iliyokwisha kubanwa haizibi vizuri mara ya pili. Mpira usipindike wala kugusa tairi usukani ukigeuzwa. Kaza bolti za kalipa kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Najua mafundi wazuri wasioigusa spana hiyo, wanaosikia kwa mkono. Hao wana miaka ishirini mkononi. Wewe una Jumamosi moja.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi anayekaa ndani ya gari ni mke, shemeji au mpwa aliyeitwa kwa dakika tano akakaa saa mbili. Mmoja yuko kwenye gurudumu na spana, mpira wa plastiki unaoonyesha ndani na chupa yenye mafuta kidogo. Maneno ni machache. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Skrubu inafunguliwa, mafuta na viputo vinapita, skrubu inafungwa. "Achilia." Ukisema "achilia" kabla ya kufunga, hewa inarudi ndani na mnaanza upya, na hapo ndipo ndoa hupimwa. Anayekanyaga asifike chini kabisa. Masta silinda ya gari la miaka mingi ina kutu mahali ambapo sili hazifiki kila siku, na kuzisukuma huko ni kuzichana. Kipande cha mbao chini ya pedali kinasaidia. Kikombe kisiachwe kikauke hata mara moja. Hewa ikifika kwenye kizio cha ABS, mara nyingine haitoki bila mashine ya uchunguzi ya gereji. Kalipa yenye skrubu mbili, ya ndani na ya nje, hutolewa hewa zote. Mpangilio wa magurudumu ni ule wa kitabu cha gari lako. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, mwaga maji upesi, maana hula rangi.

Injini ikiwa imezimwa, pedali inapaswa kuwa ngumu na juu. Washa injini huku umeikanyaga: itazama kidogo kisha isimame. Ikiendelea kushuka polepole, kuna mahali panavuja, na gari halitoki getini siku hiyo.

Safari ya kwanza ni ya mwendo wa mguu, ndani ya ploti, breki ya mkono ikiwa tayari. Halafu tafuta barabara tulivu, asubuhi mapema, uzoeshe pedi na diski: punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa mfululizo, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo, ukiacha mwanya wa kupoa kati ya moja na nyingine. Usisimame kabisa ukiwa umekanyaga pedi zikiwa za moto, kwa sababu zitaacha alama yake kwenye diski. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Harufu kidogo ni ya kawaida. Siku inayofuata kaza tena nati za magurudumu, tazama kikombe, pitisha tochi kwenye kila kiungo ulichofungua.

Kitu kimoja huwa hakizungumzwi kibandani. Tairi la akiba lililo kwenye buti ni la rimu ndogo, na kwa Brembo halitavaa mbele. Ukipata pancha ya gurudumu la mbele usiku karibu na Gilgil, itakubidi utoe gurudumu zima la nyuma ulihamishie mbele, kisha lile la akiba liende nyuma, ikiwa breki za nyuma hukuzigusa. Ni kazi ya jeki mara mbili gizani, kando ya malori. Kwa hiyo ama ununue rimu ya tano inayolingana na zile nne, au ujaribu la akiba kwa mkono siku ileile ya kufunga, mchana, ukiwa nyumbani na chai ikiwa bado ya moto.